Mota Iliyopoteza Jicho

Kazi yangu ni umeme mkubwa, ule ambao mtu hapewi nafasi ya kukosea mara ya pili. Niko kwenye kiwanda kimoja nje kidogo ya Mafinga, kinachogeuza magogo ya paini kuwa bodi, na mota ninayoisimamia inakula volti elfu tatu na mia tatu. Inaendesha mashine ya kukata magogo kuwa vipande. Watu wakiniuliza nafanya nini huwa nasema nalea mota, wanacheka, nami nawaacha wacheke. Siku hizi sina nguvu ya kueleza. Hapa nitaeleza kwa sababu siwezi kusimulia jinsi nilivyompoteza baba bila kuisimulia hiyo mota kwanza, na asiyependa mambo ya umeme anivumilie kidogo.

Mota ya aina hii inataka vitu viwili kutoka kwenye mkondo wa umeme. Inataka usumaku, halafu inataka msukumo wa kuzungusha. Baba, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa kusuka upya nyaya za mota zilizoungua pale Ilomba, Mbeya, alinieleza jambo hili kwa ugali. Mkono mmoja unashika sufuria, mkono mwingine unasonga. Ukiachia sufuria, inazunguka pamoja na mwiko na hupiki kitu. Ukiishika kwa nguvu zako zote ukasahau mwiko, ugali unaungua. Usumaku ndio mkono ulioshika sufuria, na msukumo ndio mkono wa mwiko. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo nilipoelezwa hivyo, likizo, karakana ikinuka vanishi, na ni moja ya mara chache ninazokumbuka baba akizungumza nami kwa muda mrefu.

Taabu ni kwamba kwenye mota zetu mikono yote miwili inapita kwenye nyaya zilezile tatu. Mkondo wa usumaku umechanganyika na ule wa msukumo, na ukiutazama kwenye kipimo unaona kitu kimoja tu kinachopanda na kushuka. Draivu ndiyo inayoutenganisha. Draivu ni makabati marefu yaliyopangwa ukutani, yenye vyumba vingi vya umeme ndani, kila chumba kikiongeza volti zake juu ya za mwenzake mpaka zifike zile elfu tatu na ushee. Ndani ya makabati hayo kuna kompyuta ndogo, na hiyo kompyuta inafanya jambo ambalo mpaka leo naliona la ajabu. Inajifanya imekaa juu ya usumaku wa mota na kuzunguka nao. Aliyesimama pembeni anaona mkondo ukipanda na kushuka bila kutulia, lakini aliyekaa juu ya kile kinachozunguka anauona umetulia mbele yake, na akiwa hapo anaweza kuugawa: huu ni wa kushika sufuria, huu ni wa kusonga. Gogo nene likiingia ghafla, draivu inaongeza mkono wa mwiko peke yake, haraka sana, na ule wa sufuria inauacha ulivyo. Draivu za zamani zilikuwa zinapandisha na kushusha volti na mwendo kwa pamoja tu, na gogo likiingia mota inazubaa kwanza ndipo ishtuke.

Ila kuna sharti. Ili ukae juu ya kitu kinachozunguka lazima ujue kiko wapi kila wakati. Ukikosea pembe, unachokiita usumaku kinakuwa kimechanganyika na msukumo, na unachokiita msukumo kimechanganyika na usumaku. Ndiyo maana mota nyingi kubwa zinafungwa kipimo kwenye ncha ya shafti, kinachoiambia draivu rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, iko wapi. Sisi mafundi tunakiita jicho.

Mota yetu iliungua, ikapelekwa Dar es Salaam kusukwa upya. Iliporudi jicho lilikuwa limevunjika njiani, na la kubadilisha halikupatikana. Si jambo geni. Draivu inaweza kufanya kazi bila jicho. Inapima mkondo na volti zinazoingia, yaani kile kinachopimika kwa nje, halafu inatumia picha ya mota iliyoihifadhi kichwani, ukinzani wake ni kiasi gani na usumaku wake unajengeka vipi, na kutoka hapo inakadiria kinachoendelea ndani. Haioni chochote. Inakisia tu, na mara nyingi inakisia vizuri kiasi kwamba unasahau kuwa haioni.

Ila picha yenyewe lazima iwe ya mota hiyo, si ya nyingine. Mota ikisukwa upya siyo ileile, hata kama gamba na kibati chake cha chuma ni vilevile. Wenzangu wa zamu iliyotangulia waliiwasha na picha ya zamani. Kioo cha draivu kilionyesha kila kitu kiko sawa: usumaku sawa, msukumo sawa, mwendo sawa. Mota yenyewe ilikuwa inachemka, na kila gogo likiingia ilikuwa inalegea. Nilipofika niliwafokea. Niliwaambia draivu yenye picha mbovu haisemi sijui, inakosea huku inajiamini, na hakuna kosa baya kama hilo. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, na ninakumbuka hata kidole nilichokuwa nawanyooshea.

Wiki hiyohiyo baba alikuwa nyumbani kwangu Mafinga. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitembelea tangu nitoke nyumbani kwake.

Hapa inabidi nirudi nyuma. Baba ni Mnyakyusa wa Rungwe, mama alikuwa Mhehe wa Iringa, na nyumbani Ilomba walikuwa wanazungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee waliyokuwa nayo pamoja. Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Baba akanipeleka Iringa mjini kwa mama mdogo, akaniachia begi na godoro, akarudi Mbeya kwenye mota zake. Mama mdogo alinilea vizuri, sina la kumlaumu. Nilikua mtoto wa mjini, Kihehe changu kikaishia kwenye salamu ya kamwene, na Kinyakyusa changu kikaishia kwenye ndaga, yaani asante, na mbombo ngafu, yaani kazi ni ngumu, ambazo hata wasio Wanyakyusa wanazijua. Likizo zilipofika nilikuwa nasubiri baba apige simu kwa jirani aseme niende. Hakupiga hata mara moja. Nilikuwa naenda kwa uamuzi wa mama mdogo, na nikishuka pale karakana baba ananiangalia, anafuta mikono, anasema, "Umefika?" Basi. Hakunifukuza, hakunipiga, alininunulia chipsi na soda. Lakini hakuwahi kuniambia njoo. Nilimaliza shule, nikamaliza chuo, nikachagua kazi inayofanana na yake, na ndani yangu nilikuwa bado yule mtoto anayesubiri simu kwa jirani. Ni aibu kwa mtu mzima kusema hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo alipokuja Mafinga mwenyewe, akiwa amefungasha mchele wa Kyela na ndizi, sikujua nimpokeeje. Nikamwambia, "Umefika?" Akacheka kidogo. Alisema amekuja kuona hiyo mota yangu. Nikamwambia wageni hawaruhusiwi kuingia huko, labda aisikilize kutoka getini. Akasema sawa, ataisikiliza.

Siku niliyoifundisha draivu picha mpya, baba alisimama nje ya geti na koti lake zito, maana Mafinga ina baridi inayoingia kwenye mifupa. Kufundisha kwenyewe si kazi ndefu. Unaitenga mota na mashine ili izunguke bure. Draivu inaanza kwa kuipelekea mkondo uliotulia, mota imesimama, ipime ukinzani wa nyaya. Halafu inaipiga vimkondo vifupi vifupi, na mota inatoa mlio kama wa mtu anayeimba amefumba mdomo. Mwisho inaizungusha bila mzigo na kusoma usumaku wake. Baada ya hapo ina picha. Tulipoiunganisha na mashine na magogo yakaanza kuingia, mota haikutetereka. Nilitoka getini nikamkuta baba ameinamisha kichwa, anasikiliza. "Imekaa," alisema. Neno moja hilo lilinifurahisha kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa.

Kesho yake asubuhi nikiwa kazini jirani alinipigia kuwa mzee ameanguka uani. Ilikuwa kiharusi. Mafinga walimpa huduma ya kwanza, kisha tukapelekwa Iringa kwenye hospitali kubwa. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umeenda pembeni, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja.

"Isa," alisema. "Isa."

Daktari alinieleza kwa upole kwamba inatokea, mtu anabakiwa na neno moja au mawili, na mara nyingi ni ya zamani. Nesi wa wodi, dada mmoja mchangamfu kutoka Kanda ya Ziwa, ndiye aliyelisema kwanza. "Dada, mzee anamwita Isa. Isa ni nani? Mleteni, huenda akatulia." Mama mdogo alisikiliza naye akasema ndiyo, ni jina. Hatukuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo. Maisha yetu yote na mtu huyu tulikuwa tumemsikia akizungumza Kiswahili.

Niliinama nikamuuliza, "Baba, Isa yuko wapi?" Alinitazama, akanyanyua mkono wake wa kushoto ulio mzima, akanishika kitambaa cha blauzi. "Isa." Nikasema, "Nimekusikia, baba. Nitamtafuta." Alitikisa kichwa. Nilidhani anakubali.

Niseme ukweli wa kilichokuwa moyoni. Nilikuwa na wivu. Mtoto wake wa pekee nimekaa pale nampangusa mate, na yeye anamwita mtu nisiyemjua. Nikaanza kumtengeneza huyo Isa. Nikakumbuka mwanaume mmoja aliyekuwa anakuja karakana na baiskeli, anauza waya wa shaba, amevaa kofia ya kufuma, na ambaye siku moja alikoma kuja. Jina lake sikuwahi kulijua. Nikaona bila shaka ni yeye, waligombana, na sasa baba anataka wapatane kabla hajafa. Kila nilichokikumbuka nilikipachika kwenye picha hiyo, nacho kikakaa. Kadiri baba alivyoita ndivyo nilivyozidi kuwa na uhakika.

Kuna jambo moja kuhusu draivu isiyo na jicho sikulisema. Mota ikizunguka kwa kasi inatoa volti yake yenyewe, na hiyo ndiyo ambayo draivu huisikiliza zaidi. Mota ikienda polepole mno, karibu na kusimama, volti hiyo inafifia mpaka inazama kwenye kelele za vipimo, na draivu inabaki na picha yake tu. Hapo ndipo makisio yanakuwa mabaya kuliko wakati wowote. Nalijua hilo kama ninavyojua njia ya kwenda kwangu, na sikulifikiria hata kidogo nikiwa nimekaa kando ya kitanda kile.

Nikamwachia mama mdogo wodi, nikaenda Mbeya.

Karakana ya Ilomba ilikuwa imefungwa na mnyororo, mota za mashine za kusaga zikiwa zimepangwa ukutani zikisubiri fundi. Niliuliza kwa muuza vifaa vya umeme, nikauliza kwa mafundi baiskeli, nikaenda mpaka sokoni Mwanjelwa kwa wauza shaba na vyuma chakavu. Nikaonyeshwa Isa wawili. Mmoja alikuwa kijana wa bodaboda. Mwingine alimjua baba kwa kusikia tu. Nilimkuta hata yule wa baiskeli na kofia ya kufuma, mzee sasa, anauza viatu vya mitumba. Hakuitwa Isa, na alikoma kuja kwa sababu baiskeli iliibwa. "Mimi na fundi hatujagombana hata siku moja," alisema, akaendelea kupanga viatu vyake.

Nilirudi Ilomba kwa jirani wa baba, mama mtu mzima anayeuza mkaa mbele ya nyumba yake, ambaye tangu utoto namwita shangazi kwa sababu ni Mnyakyusa mwenzake baba. Ningepaswa kuanza kwake. Sikuanza kwake kwa kuwa nilijua atataka kulia kwanza, nami nilikuwa na haraka. Kweli alilia. Kisha akaniuliza kama mzee anazungumza.

"Hazungumzi, shangazi. Anaita tu mtu anaitwa Isa. Nimezunguka Mbeya nzima namtafuta."

"Isa gani tena? Baba yako hana rafiki Isa."

"Ndiyo jina analotaja. Ananishika nguo anasema Isa, Isa."

Shangazi aliacha kujifuta macho. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mkaa. "Sema vile anavyosema yeye," aliniambia. Nikasema, nikiivuta ile sauti kama baba alivyoivuta. Akanishika bega.

"Mwanangu, hilo si jina la mtu. Hicho ni Kinyakyusa. Anakwambia njoo."

Sikuelewa mara moja. Nikamuuliza ni nani anayeambiwa aje. "Wewe," alisema. "Si kakushika nguo wewe? Kakwambia njoo, nawe ukaondoka?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli, apate kuelewa.

Nakumbuka wateja wawili walikuja wakanunua mkaa na shangazi akawapimia. Baadaye akanifundisha jibu. Ukiitwa hivyo na baba yako, alisema, unajibu nisile, tata. Nimekuja, baba. Alinirudisharudisha kama mtoto mpaka nikalisema sawasawa, kisha akanisindikiza barabarani bila viatu.

Njiani mama mdogo alipiga simu mara kadhaa na sikupokea hadi Makambako, kwa woga. Nilipopokea alisema tu, "Njoo salama." Nikajua kuna jambo.

Baba alikuwa hai. Kiharusi kingine kilikuwa kimempata mchana, na nesi yule mchangamfu hakuwa mchangamfu tena. Aliniambia mzee aliita sana nilipoondoka, aliita siku nzima, wakawa wanamtuliza kuwa Isa anakuja, bwana Isa yuko njiani. Sasa alikuwa ametulia. Macho yalikuwa wazi, yakitazama dari. Nikainama mpaka karibu na sikio lake nikasema, "Nisile, tata." Nikausogeza mkono wake wa kushoto nikauweka kwenye blauzi yangu, palepale alipokuwa ameshika. Vidole havikujikunja. Nikasema tena. Nikajaribu kwa Kiswahili, nikajaribu kwa kupaza sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

Niliendelea kusema hivyo siku zote zilizobaki. Mama mdogo anasema labda alisikia. Kila mtu anasema labda alisikia. Mimi nafanya kazi ya vipimo, na sikuona dalili yoyote, na sitaki tena kujitengenezea picha ili nipate usingizi.

Kazini nimerudi. Mota inaenda vizuri bila jicho, na jicho jipya lilipoletwa mwishowe nilipewa nilifunge. Nililifunga. Wenzangu wanasema nimekuwa mpole, siwafokei tena. Ni kweli siwafokei, ila si upole.

Tulimzika Rungwe, kijijini kwao, mvua ikinyesha kama kawaida ya huko. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, na kwa wengi wao nilikuwa mgeni. Kina mama waliokaa mlangoni walikuwa wanampokea kila anayeingia kwa neno moja, kwa sauti ya chini, huku wakimpisha njia: isaga, isaga, isa ileile ya baba kwa namna ya kukaribisha. Nililisikia tangu asubuhi mpaka tunamshusha kaburini. Kila aliyefika aliambiwa njoo. Mimi niliambiwa kabla ya wote, nikaondoka.